Udongo, mawe ya volkano na mbao: ujenzi wa kisasa duniani unageukia vitu tulivyozoea kudharau

Kwa wengi wetu hapa mashariki mwa Kongo, nyumba ya kisasa haihitaji maelezo: ni simenti, vioo vikubwa, orofa mbili ao tatu, na mabati ya rangi juu. Nyumba ya udongo ni ya kijijini. Nyumba ya mbao ni ya yule ambaye bado anatafuta. Lakini kwa wale wanaofundisha kazi ya ujenzi duniani na kuitolea zawadi, mpangilio huo umeanza kugeuka juu chini. Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu wa majengo ni kama Nobel kwa wanasayansi, mwaka wa 2021 ilipewa Wafaransa wawili wanaokataa kubomoa majengo ya zamani. Mwaka wa 2022 ikaenda kwa mtoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso, aliyejulikana kwanza kwa shule ya udongo. Na mwaka wa 2025 akaipata Mchina Liu Jiakun, mtu aliyetengeneza matofali kwa vifusi vya tetemeko la ardhi.

Udongo, vifusi, nyumba kuukuu. Ni vitu ambavyo Goma, Bukavu, Uvira na Bunia tunavyo tele, na ndiyo sababu habari hii inatuhusu kuliko inavyoonekana. Familia ya Kivu haijengi kwa mkopo wa benki. Inajenga kwa akiba ya miaka, mfuko mmoja mmoja wa simenti, na mara nyingi akiba yote inaishia ukutani. Ukuta ukijengwa kwa bei ndogo na bado ukasimama imara, zile franga zinazobaki ni masomo ya watoto, ni dawa, ni mtaji wa kuanzia biashara.

Sanduku la kioo na bei yake

Umbo tunaloliita "la kisasa" lina umri wa karibu miaka mia moja. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, wasanifu wa Ulaya kama Le Corbusier, Walter Gropius na Ludwig Mies van der Rohe walisema jengo liwe kama mashine: bila mapambo, la chuma, zege na kioo, na liweze kusimama popote duniani. Mwaka wa 1958 Mies alimaliza jengo la Seagram mjini New York, sanduku refu la kioo na chuma, na kwa miaka mingi baadaye kila mji uliotaka kuonyesha kwamba umeendelea ulijenga mdogo wake. Sisi pia tulipata fungu letu. Bukavu bado ina nyumba za enzi ya Wabelgiji, zenye kona za mviringo na varanda zinazotazama ziwa, za mtindo wa Art Deco, ambao ni binamu wa mtindo huo. Nyingi kati ya hizo zina varanda pana na matundu ya hewa, kwa sababu waliozijenga hawakuwa na mashine ya kupoza hewa.

Baadaye mashine hiyo ilipopatikana, watu wakaacha kufikiri juu ya jua na upepo. Kioo kinapitisha joto la jua na kulifungia ndani. Kwa hiyo jengo la kioo katika inchi ya joto linahitaji umeme mchana kutwa ili watu waweze kukaa ndani yake. Huko Dubai, ambako Burj Khalifa ilifunguliwa mwaka wa 2010 ikiwa na urefu wa mita 828, umeme si tatizo. Kwenye mji ambao umeme unakatika bila kupiga hodi, sanduku la kioo ni tanuru lenye lifti iliyosimama.

Kuna pia hesabu ya simenti. Ili kuitengeneza, mawe ya chokaa yanachomwa hadi karibu nyuzi 1,450 za joto, na mawe yenyewe yanapochomwa yanatoa hewa ya kaboni, mbali na ile inayotoka kwenye moto. Simenti peke yake inahesabiwa kutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni ambayo watu wanamwaga angani kila mwaka. Ni hesabu hiyo, kuliko mapenzi ya mambo ya kale, iliyowarudisha wasanifu wengi kwenye udongo na mbao. Hata hivyo tusijidanganye: majengo marefu hayajakoma. Huko Saudia, mnara wa Jeddah unaendelea kupanda ukitafuta kupita mita 1,000. Mabadiliko haya ni mto mmoja kati ya mito kadhaa.

Paa linalopumua

Kama kuna kazi moja inayoeleza mto huo, ni shule ya msingi ya Gando, kusini-mashariki mwa Burkina Faso, iliyomalizika mwaka wa 2001. Aliyeichora, Diébédo Francis Kéré, alizaliwa kijijini humo mwaka wa 1965, mtoto wa kwanza wa chifu. Gando haikuwa na shule. Akiwa na miaka saba alipelekwa mjini Tenkodogo, akasoma katika darasa la zaidi ya watoto mia moja, chumba cha simenti chenye bati juu, joto kama ndani ya chungu. Wasomaji wetu waliosoma chini ya bati wanaijua habari hiyo: saa sita mchana mwalimu anafundisha watu wanaosinzia, na mvua ikipiga, somo linasimama kwa sababu hakuna anayesikia.

Kéré akawa fundi wa mbao. Mwaka wa 1985 alipata nafasi ya kwenda Berlin kujifunza useremala, akasoma shule ya jioni, halafu akaingia chuo kikuu cha ufundi cha mji huo kusomea usanifu. Kabla hajamaliza masomo, alianzisha shirika la kukusanya pesa kwa ajili ya shule ya kijiji chake. Alimaliza shule ya Gando mwaka wa 2001, na diploma yake mwaka wa 2004. Mwaka huo huo wa 2004 shule ikapata tuzo ya Aga Khan ya usanifu. Mwanafunzi alikuwa amekwisha kujenga.

Siri ya jengo lenyewe si kubwa. Kuta ni matofali ya udongo uliochanganywa na simenti kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, bila kuchomwa. Juu ya madarasa kuna dari ya matofali yenye matundu. Halafu, juu ya dari hiyo, bati limeinuliwa mbali kwa fremu za vyuma na kutokeza nje ya kuta pande zote. Jua linapiga bati, bati linapata moto, lakini moto huo haushuki kwa watoto: hewa inapita kati ya bati na dari na kuubeba. Hewa ya joto ya darasani nayo inapanda na kutoka kwa matundu, na ile ya baridi inaingia kwa madirisha. Paa lililotokeza linazuia mvua isipige kuta za udongo. Hakuna umeme hata kidogo. Fremu za vyuma zilichomelewa palepale kwa nondo za kawaida, kwa sababu hakukuwa na gari la kuinulia vitu vizito na kijiji hakikuwa na pesa ya kulikodi.

Watu wa Gando hawakushangilia tangu mwanzo. Walijua udongo: kila mwaka mvua inabomoa kuta, kila mwaka wanazirudishia. Walitegemea kijana aliyetoka Ujerumani awaletee kioo na zege. Kéré alijenga tao dogo la majaribio akawaambia watu wapande na kuruka juu yake. Lilisimama. Baada ya hapo watoto walibeba mawe ya msingi, wanawake wakaleta maji, na wanaume wakashindilia udongo. Shule iliyokuwa na wanafunzi 120 ikafika 700.

Kéré baadaye alipeleka fikra hiyo mbali. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, chuo kidogo cha teknolojia alichokimaliza mwaka wa 2021 kina minara mirefu inayovuta hewa ya joto juu, kwa mfano wa vichuguu vya mchwa wa eneo hilo. Huko Harare, Zimbabwe, msanifu Mick Pearce alitangulia: jengo la Eastgate, lililofunguliwa mwaka wa 1996, ni maduka na ofisi nyingi zisizotumia mitambo mikubwa ya kupoza hewa. Usiku hewa baridi inapitishwa kwenye zege nzito, na mchana zege hiyo inatoa ubaridi wake polepole. Pearce alisema alifikiri juu ya vichuguu. Ndugu zetu wa Lubumbashi wanaweza kutabasamu hapa. Wao vichuguu vikubwa vya Katanga wamevijua siku nyingi, ila kwa kazi nyingine: udongo wake ndio wanaopigia matofali.

Mawe yaliyokuwa kero

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Rwanda. Hospitali ya Butaro, katika wilaya ya Burera, ilifunguliwa Januari 2011 kwa ushirikiano wa wizara ya afya ya inchi hiyo na shirika la Partners In Health. Ilichorwa na wasanifu vijana wa MASS Design Group, ambao wakati huo walikuwa ndio wanaanza.

Walipofika, waliona mashamba yamejaa mawe meusi ya volkano za Virunga. Kwa wakulima, mawe hayo yalikuwa kero: unalima, jembe linagonga, unayang'oa na kuyarundika pembeni. Majengo mengi yaliyatumia kwa msingi tu, chini kabisa, pasipoonekana. Wamasoni wa Butaro waliyachonga na kuyapanga kwa makini, jiwe likishika jiwe, hata simenti kati yake haionekani kwa mbali. Kadiri kazi ilivyoendelea, mkono wao uliendelea kuwa mwepesi, na inasemekana ukuta wa kwanza walioumaliza walitaka wenyewe kuubomoa na kuurudia, kwa kuwa ule wa mwisho ulikuwa umeupita mbali.

Lakini Butaro haikutafuta uzuri peke yake. Katika hospitali nyingi, wagonjwa wanapanga mstari kwenye korido ndefu yenye giza, na mwenye kifua kikuu anakohoa karibu na mama aliyeleta mtoto wa malaria. Hapo Butaro korido ziliwekwa nje, kwenye hewa. Ndani ya vyumba vya wagonjwa, madirisha ya juu na feni pana vinasukuma hewa chafu itoke. Vitanda havitazamani, vinatazama madirisha, na nje ya madirisha kuna vilima. Barabara, msingi na kuta vilifanywa kwa mikono ya watu wa eneo lile, na pesa nyingi ya ujenzi ikabaki kwao badala ya kwenda kulipa mashine za kukodi.

Sasa tazama Goma. Mji huu umesimama juu ya jiwe hilo hilo. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilirudi tena, ikamaliza nyumba kwa maelfu upande wa kaskazini kabla ya kusimama. Jiwe halijawahi kukosekana: vijana na wakina mama wanaliponda kwa nyundo barabarani kila siku. Lakini mara nyingi linaishia kwenye msingi na uzio, na nyumba yenyewe inapandishwa kwa mbao ao bloku za simenti. Ni kweli mbao zina sababu zao: ni nyepesi, zinaisha haraka, na mwenye kuhama anaweza kuzing'oa akaondoka nazo, jambo ambalo kwenye mji wa volkano na vita si dogo. Hata hivyo, mtu mwenye uwezo wa kujenga nyumba ya kudumu Goma leo ananunua simenti nyingi kwa kuta ambazo sehemu yake kubwa ingeweza kutoka chini ya miguu yake. Kinachopungua ni mkono wa kuchonga jiwe vizuri, na huo unafundishwa.

Kongo yenyewe ina mfano wake, ingawa wachache wanaujua. Katika kijiji cha Ilima, ndani ya msitu wa Tshuapa, MASS na shirika la African Wildlife Foundation walimaliza shule ya msingi mwaka wa 2015. Kufika huko na mabati ao simenti ni safari ya mito na pikipiki, kwa hiyo karibu kila kitu kilitoka hapohapo: udongo wa matofali, mbao, hata paa, ambalo ni vibao vidogo vya mti vilivyopangwa kama magamba ya samaki.

Nusu nyumba, vifusi na mirija ya karatasi

Si kila kitu katika ujenzi wa leo ni habari ya udongo. Jambo jingine linalobadilika ni nani anayemaliza nyumba. Mjini Iquique, kaskazini mwa Chile, familia karibu 100 zilikuwa zimevamia kiwanja katikati ya mji kwa miaka thelathini. Serikali ilikuwa na dola 7,500 tu kwa kila familia, pamoja na bei ya ardhi. Kwa pesa hiyo ungejenga vijumba vibovu mbali na mji, ambako hakuna kazi. Msanifu Alejandro Aravena na wenzake walijibu mwaka wa 2004 kwa namna nyingine: wakanunua ardhi palepale walipoishi watu, na kujenga nusu ya nyumba nzuri. Nusu hiyo ilikuwa ile ngumu, ambayo familia haiwezi kuifanya vizuri peke yake: msingi, kuta kubwa, paa, ngazi, jiko na choo. Nafasi ya nusu nyingine iliachwa wazi kando, na kila familia ikaijaza kwa wakati wake na pesa yake. Aravena alipata Pritzker mwaka wa 2016.

Mkaaji wa Bunia ao Butembo hatashangaa. Ndivyo tunavyojenga sisi siku zote: chumba na sebule kwanza, halafu kiambatanisho cha nyuma, halafu kaka anaoa anaongeza chake. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna aliyechora mwisho wa nyumba tangu mwanzo. Chumba cha tatu kinaziba dirisha la kwanza, choo kinaangukia karibu na kisima, na uzito unawekwa juu ya msingi usiouweza. Kwenye miteremko ya Bukavu gharama ya kosa hilo inaonekana kila msimu wa mvua.

Wafaransa Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wanakuja kwa njia nyingine mahali hapohapo. Vassal alifanya kazi miaka kadhaa Niger baada ya masomo, na wote wawili wanasema walijifunza huko, kwa watu wanaotengeneza mengi kwa vichache. Mjini Bordeaux walipewa majengo matatu ya zamani yenye nyumba 530 za watu wa kipato kidogo. Wengine wangeyabomoa. Wao waliongeza mbele yake varanda pana za kioo zinazofungwa na kufunguliwa, kila nyumba ikapata chumba cha ziada chenye mwanga, na wapangaji hawakuhamishwa wakati wa kazi.

Habari ya Liu Jiakun ni nzito zaidi. Mei 2008 tetemeko liliua watu zaidi ya 69,000 katika jimbo la Sichuan, China, na kuacha milima ya vifusi. Liu alivisaga, akachanganya na majani makavu ya ngano na simenti, akapiga matofali ambayo aliyaita ya kuzaliwa upya. Yalianza kwa mashine ndogo, ili watu waweze kujijengea wenyewe kwa kile kilichokuwa nyumba yao, na baadaye yakaingia kwenye majengo makubwa ya miji.

Na kuna hadithi inayogusa historia yetu. Mwaka wa 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipomiminika, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliwapa turubai za mita 4 kwa 6, nao wakakata miti kupata nguzo. Mtu yeyote aliyekuwa Goma mwaka huo anakumbuka jinsi misitu ilivyoondoka. Shirika lilijaribu kutoa mabomba ya aluminiamu. Wakimbizi wakayauza, wakakata miti tena. Mjapani Shigeru Ban akapendekeza mirija ya karatasi ngumu: inasimama, haina bei sokoni, na haikatwi msituni. Mwaka wa 1999 vibanda 50 vya majaribio vilijengwa Byumba, Rwanda. Ban alipata Pritzker mwaka wa 2014. Turubai na nguzo za miti bado ndizo tunazoziona kwenye kambi zetu.

Mbao inapanda orofa

Huko Norway, mjini Brumunddal, kuna jengo la mbao la orofa 18 lenye urefu wa mita 85, Mjøstårnet, lililofunguliwa mwaka wa 2019. Mwaka wa 2022 Milwaukee, Marekani, ikalipita kidogo kwa jengo la Ascent, orofa 25, ambazo za chini ni zege na zile za juu mbao. Mti unapokua unavuta kaboni, na ukijengewa, kaboni hiyo inakaa ndani ya ukuta.

Mkaaji wa Kadutu atauliza mara moja: na moto? Ana haki. Bukavu, moto ukishika nyumba moja ya mbao unaweza kumaliza kumi kabla ya mtu kupata maji. Lakini mbao za Norway si vibao vyetu. Ni vipande vilivyogandishwa kwa gundi na kushindiliwa hadi kuwa nguzo nene kuliko mwili wa mtu. Moto ukizigusa, nje panageuka makala, na ganda hilo linakinga moyo wa nguzo kwa muda wa kutosha watu kutoka. Kibao chembamba hakina moyo wa kukinga. Juu ya hayo, majengo hayo yana mabomba yanayomwaga maji yenyewe na nafasi kati yao na jirani. Anayesema "hata Ulaya wanajenga kwa mbao" ili kuacha mitaa yetu ilivyo anacheza na maisha ya watu. Linalofaa kuigwa haraka hapa ni dogo zaidi: nafasi kati ya nyumba, na ukuta mmoja wa jiwe ao tofali kati ya majirani.

Kuhusu mashine zinazochapa nyumba, ambazo zinajaza video kwenye simu zetu, nitasema kwa ufupi. Zipo na zinafanya kazi. Huko Salima, Malawi, mwaka wa 2021 kuta za shule zilichapwa kwa saa 18. Lakini kuta si paa, si madirisha, si kiwanja, si hati ya kiwanja. Na mchanganyiko unaotoka kwenye mdomo wa mashine bado ni wa simenti. Kwenye inchi ambayo vijana wanatafuta kazi ya siku, mashine inayoondoa wamasoni kumi inahitaji kueleza kwanza inamsaidia nani.

Mahali pa kukwama

Udongo nao una mitego yake. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo cha karibu 6 liliangusha nyumba na kuua watu Bukavu na upande wa Rusizi. Ukuta wa udongo ao wa mawe usiofungwa ni mzito na unaanguka ghafla. Kwetu hauwezi kujengwa bila ule mkanda wa zege na vyuma unaozunguka nyumba juu ya madirisha, ambao wamasoni wetu wanauita shenaje. Kwa hiyo simenti haitoki kabisa. Inapungua na kuwekwa pale inapohitajika.

Pia kuna njia ambayo mafundi wetu wameichagua tayari: tofali la kuchoma. Ni imara, na linaonekana zuri. Lakini kila tanuru linakula miti, kwenye vilima ambavyo makala imekwisha kuvinyoa. Mashine ya mkono ya kushindilia matofali yasiyochomwa si kitu kipya. Moja inayojulikana sana, CINVA-Ram, ilibuniwa Bogotá, Colombia, miaka ya 1950. Ni sanduku la chuma na mpini mrefu. Fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Inahitaji udongo uliopimwa, simenti kidogo, kivuli na siku kadhaa za kukauka taratibu. Uvumilivu wa siku hizo ndio mara nyingi unaokosekana.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko kichwani, na hakikuanza kwetu. Miaka ya 1940, Mmisri Hassan Fathy alijenga karibu na Luxor kijiji kizima cha udongo, New Gourna, kizuri hadi leo vitabu vya usanifu vinakisifu. Watu waliojengewa walikataa kuhamia. Hawakuombwa maoni, riziki yao ilikuwa kule walikotoka, na kwa wengi wao makuba ya udongo yalifanana na makaburi. Fathy alikuwa na hoja zote za joto na bei upande wake, na haikumsaidia.

Gando ilifaulu kwa jambo ambalo New Gourna haikuwa nalo: wenye shule ndio walioijenga, na walikuwa wameruka juu ya tao kwa miguu yao. Wamasoni waliojifunza pale kushindilia udongo na kuchomelea nondo baadaye walianza kuitwa kujenga mahali pengine nchini mwao, wakilipwa kwa ujuzi huo. Katika kijiji ambacho kila msimu wa kiangazi vijana waliondoka kutafuta kazi mbali, hilo lilikuwa ni jambo ambalo wazazi waliliona kabla ya tuzo yoyote.